Nianike au Nisianike?

Mdogo wangu alipoajiriwa kwenye ofisi ya hali ya hewa, Mama aliutangazia mtaa mzima kwamba kuanzia siku hiyo hatafua tena kwa kubahatisha. Eti ana mtoto anayesikilizana na mawingu. Kila asubuhi, kabla kijana hajamaliza kufunga kamba za viatu, Mama alikuwa tayari amesimama mlangoni, beseni la nguo kiunoni, anamuuliza: "Nianike au nisianike?" Naye msomi wetu anakwenda dirishani, anatazama juu, anajikuna shingo, kisha anasema labda. Labda mvua itanyesha mchana, labda itapita pembeni. Mama anaanika hivyo hivyo, na nguo zikilowa anamlaumu mwalimu aliyempa cheti. Jina la Labda lilianzia hapo, na mpaka leo wapo majirani wasiojua kwamba ana jingine.

Mimi sina labda. Kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha gari. Gari langu lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya kwangu, na mwanafunzi akianza kusitasita kwenye makutano namkanyagia hapo hapo na kumwambia aamue moja: anakwenda au haendi, maana katikati ya barabara si mahali pa kutafakari. Wanafunzi wangu wananiogopa, na wanafaulu. Nasema haya ili ujue ni mtu wa namna gani anayekusimulia, na kwa nini jambo hili limenikaa kooni mpaka sasa, halimezeki wala halitemeki.

Mama alikuwa mgonjwa wa figo. Zilikuwa zimekufa zote, akawa anaishi kwa mashine. Mara tatu kwa wiki nilimpeleka kwenye wodi ya kusafisha damu, jengo jeupe lililojengwa chini kabisa karibu na ufukwe, sijui kwa akili ya nani. Mkononi walimtengenezea mshipa mkubwa wa kuchomea sindano. Ulivimba kama kamba ya katani, na ukiugusa kwa vidole unausikia unanguruma. Mama aliwaambia watoto wa jirani kwamba ameficha paka humo, nao walipanga foleni kumgusa. Pale wodini alikuwa na kiti chake, cha pili kutoka dirishani, na alikuwa na Sista wake, muuguzi mkuu, ambaye aligombana naye kila mara kuhusu maji. Sista alitaka anywe vikombe viwili tu kwa siku. Mama alisema sawa, lakini ukubwa wa kikombe haukuandikwa popote. Walipendana sana wale.

Kisha kikaja kimbunga. Kilitokea mbali baharini na mwanzoni kilikuwa na adabu, kinatembea kama vimbunga vingine, leo hapa kesho pale, na ofisi ya Labda inakifuata. Halafu kikasimama. Kikatulia baharini mbele yetu, mbali kiasi cha kutoonekana, karibu kiasi cha kuwanyima watu usingizi, kikawa kinazunguka palepale kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Ofisi ikatangaza kwamba kitakwenda kaskazini. Watu wa kaskazini wakafunga virago na kupanda vilimani, magodoro vichwani. Siku iliyofuata ikatangaza kwamba kwa hesabu mpya ni kusini. Wa kaskazini wakarudi wakitukana, wa kusini wakaondoka wakitukana. Redioni watu walipiga simu kuuliza kama watabiri wetu wanarusha sarafu au wanapiga ramli, maana hata ramli ina aibu kidogo. Mkuu wa ofisi, mzee anayejali sana heshima ya taasisi, akakasirika na kuweka sheria: kuanzia sasa mstari hauyumbi. Hesabu zikigawanyika, chora katikati, na usiusogeze mstari huo mpaka hesabu mbili mfululizo zikubaliane. Katikati ndiko tulikokaa sisi.

Tahadhari nyekundu ilipotolewa kwa mji wetu, wodi ya Mama ilifungwa siku hiyo hiyo. Ndiyo kanuni, na sina ugomvi nayo, kwa sababu bahari ikipanda ingeanzia pale. Mafundi walizing'oa mashine na kuzibeba ghorofani, wakazima mtambo wa kusafisha maji. Sista aliwasafisha wagonjwa wote kwa mara ya mwisho, harakaharaka, kila mmoja muda mfupi kuliko kawaida yake, na akawapa masharti: maji kidogo sana, ndizi hapana, machungwa hapana, nyanya na maharage hapana, chumvi usiiguse. Ni siku mbili tu, akasema, kikishapita tunafungua.

"Na kisipopita?" Mama akamuuliza.

Sista akacheka. "Kimbunga hakikai, Mama. Kimbunga kinapita."

Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yetu sote. Mji mzima ulijiandaa kwa upepo. Watu walipigilia mbao madirishani, wakajaza ndoo, wakafunga mabati kwa waya. Hakuna hata mmoja aliyejiandaa kwa kungoja.

Kimbunga kikakaa. Kila asubuhi taarifa ilisema kinatarajiwa kuanza kusogea ndani ya saa chache zijazo, na kila jioni ikasema vilevile kwa maneno mengine kidogo. Mama alikaa kwenye kiti cha sebuleni, miguu juu ya stuli, akanyonya kipande cha barafu badala ya kunywa. Tulikuwa na utani wa kwamba tuna mgeni aliyesimama mlangoni, hapigi hodi wala haondoki. "Mgeni siku mbili," Mama akasema, "leo ya tatu. Mwambieni Labda ampe jembe." Nikacheka mpaka nikajisikia vibaya, kwa sababu wakati anasema hivyo nilikuwa nikimtazama miguu, na ilikuwa imejaa mpaka vifundo havionekani.

Unaweza kuuliza kwa nini hatukumpeleka jiji la ng'ambo ya daraja, ambako kuna hospitali yenye mashine. Nami nilijiuliza, na jibu linatia hasira kwa wepesi wake. Siku ya kwanza ilikuwa ni siku mbili tu. Siku ya pili ilikuwa ni kesho. Barabara ya kwenda huko inapita tambarare, bahari huku na kinamasi kule, mwendo wa nusu siku bila mahali pa juu pa kukimbilia, na hakuna mwenye akili timamu anayempakia mama yake mgonjwa akakimbie kimbunga kwa kupita kwenye njia yake, huku anaambiwa kwamba kesho mambo yatakwisha. Kila siku kungoja siku moja zaidi kulikuwa na busara. Ukizijumlisha busara zote hizo unapata upumbavu, lakini hakuna anayekupa jumla mapema.

Mama alipoanza kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, nilimpeleka hospitali yetu ya kawaida. Daktari alimpima moyo, akamchoma sindano, akanitoa nje ya pazia na kuniambia kwamba sindano inamnunulia muda mfupi tu. Chumvi za damuni zilikuwa zinapanda, na zikifika kiwango fulani moyo unasimama bila kuaga. Alihitaji mashine. Nikaomba gari la wagonjwa. Akasema yote yamepelekwa sehemu za juu kungoja majeruhi wa kimbunga.

Nilimwacha Mama na jirani yetu, nikaenda ofisini kwa Labda. Alikuwa hajarudi nyumbani tangu tahadhari itolewe. Chumba chao kilinuka jasho na kahawa iliyochemshwa mara mbili, mapazia yamefungwa ili vioo vya kompyuta visomeke, na chini ya meza kulikuwa na mkeka alioutandika apate kujinyoosha. Alikuwa amevaa soksi tu. Nilimweleza alichosema daktari. Akakaa chini, akashika kichwa. Ni mtoto wa mwisho yule, Mama alimnyonyesha mpaka akawa anakuja mwenyewe na kigoda.

Nikamwambia anionyeshe huyo mgeni wake. Akanifungulia kioo. Kimbunga kilikuwa doa jeupe lenye tundu, na kutoka kwake zilitoka nyuzi nyingi za rangi, kila uzi ni hesabu ya kompyuta moja, nyingine zimepinda juu, nyingine chini, kama ufagio uliofunguka kamba. Akanieleza polepole, kama nilivyozoea kuwaeleza wengine klachi. Kimbunga hakina miguu, akasema, kinasukumwa na pepo kubwa za juu. Sasa pepo mbili zinakisukuma kutoka pande mbili kwa nguvu sawa, ndiyo maana kimekwama. Itakayolegea kwanza ndiyo itakayoamua, na tofauti ni ndogo kiasi kwamba ukibadilisha kipimo kidogo tu mwanzoni, uzi wa kaskazini unageuka wa kusini.

Nilitazama kwa makini. Fungu moja la nyuzi lilikwenda kaskazini na jingine kusini. Katikati, kwetu, palikuwa na mstari mnene mwekundu uliochorwa na ofisi, na hapakuwa na uzi hata mmoja.

Nikamuuliza mbona mstari umepita mahali ambapo hakuna kompyuta hata moja inayosema kimbunga kitapita. Akasema hilo anajua, wote pale wanajua. Huo ni wastani. Ukichora kaskazini unawaacha wa kusini, ukichora kusini unawaacha wa kaskazini, na ukibadilisha kila siku hakuna atakayekusikiliza siku ya siku. Nikamwambia njia mbili zilimshinda fisi, alipotaka kupita zote akapasuka msamba. Akasema ndiyo, dada, lakini fisi alikuwa peke yake.

Kisha akanionyesha kitu kingine, akipunguza sauti ingawa wenzake walikuwa wamesinzia mezani. Kulikuwa na nyuzi chache fupi ambazo hazikwenda popote. Zilianza kwenye doa na kuishia hapo hapo. Kimbunga kinakula joto la bahari, akasema. Kikizunguka sehemu moja muda mrefu kinakoroga maji, ya chini yaliyo baridi yanapanda juu, na kinaweza kujinyima chakula chenyewe mpaka kikafa. Yeye alikuwa anaanza kuamini hivyo. Nikamuuliza basi anangoja nini. Akasema boya la kupimia joto la maji katika eneo lile liliacha kutuma habari tangu upepo ulipoanza, kwa hiyo hajui maji yana joto kiasi gani. Anaamini, hana kipimo. Na Mkuu hataki imani, anataka hesabu mbili zinazokubaliana.

"Kwa hiyo Mama asafiri au asisafiri?" nikamuuliza.

Akatazama dirisha, lakini pazia lilikuwa limefungwa. Akasema labda kesho asubuhi picha itakuwa wazi zaidi. Nilitamani kumzaba kibao. Nilimwachia chakula nilichomletea, nikatoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi picha haikuwa wazi zaidi, nami nikaamua. Niling'oa kibao cha mwanafunzi juu ya gari, nikalaza kiti cha mbele, nikamzungushia Mama mito, nikampakia. Alikuwa mzito kwa maji, mwembamba kwa kila kitu kingine. Alitaka kujua kama nimefunga mlango wa nyuma na kama nimechukua kitana. Pumzi ilimkata katikati ya maneno, kwa hiyo aliyagawa mafungu mafungu.

Kulikuwa na jua. Hilo ndilo linaloniudhi nikikumbuka. Mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa, majani hayatikisiki, mbao zimepigiliwa kwenye kila dirisha na jua linaziwakia. Tulipofika darajani tulikuta kizuizi: mapipa mawili, bomba refu na askari. Nyuma yetu magari yakaendelea kujipanga.

Askari alikuwa mtu mzima, mstaarabu. Alisikiliza, akainama dirishani, akaona miguu ya Mama, akavua kofia. Alisema anaye mama yake pia. Lakini amri ni kwamba maadamu kuna tahadhari nyekundu hakuna gari linalopita, maana likipita moja yatapita yote, na kimbunga kikigeuka watu wakiwa kwenye barabara ile ya chini hakuna pa kuwapandisha. Amri hiyo inatokana na ofisi ya hali ya hewa. Wao wakisema neno, yeye anafungua sasa hivi, kwa wote.

Nikampigia Labda, nikaweka sauti kubwa ili askari asikie. Nikamwambia tuko darajani, afande anasubiri neno moja tu kutoka kwake. Akasema mstari haujabadilika.

"Sikuulizi habari za mstari," nikasema. "Wewe mwenyewe unaonaje?"

"Naona kitafia palepale, dada. Labda leo, labda kesho."

"Basi mwambie afande hivyo hivyo."

"Na nikikosea?" akasema. "Nyuma yako kuna magari mangapi?"

Nikatazama kioo. Kulikuwa na lori lililojaa magodoro na watu juu yake, basi dogo la shule lenye wazee, pikipiki yenye baba, mama na watoto, na foleni ikaendelea mpaka kwenye kona. Nikamwambia maneno ambayo dada hapaswi kumwambia mdogo wake, kwamba anamuua mama yake kwa rula na penseli. Nilimsikia anavuta pumzi. Askari akatazama pembeni.

Mama akanyoosha mkono, ule wa paka, akaichukua simu.

"Mwanangu," akasema. Akapumzika kidogo. "Nianike au nisianike?"

Nikajua amesimama, nikajua anatafuta dirisha.

"Sijui, Mama," akasema, na alikuwa analia. "Haki ya Mungu, sijui."

"Haya," Mama akasema. "Siku zote nilitaka useme hivyo." Akanirudishia simu, akafumba macho. "Geuza gari."

Sikugeuza. Nilikaa pale mguu kwenye breki, gari likiwa limekaa mshazari kati ya njia mbili, siendi sirudi, na nyuma wakaanza kupiga honi. Nilikuwa nahesabu: nikilivunja bomba lile kwa gari, mapipa yale yataanguka upande gani. Nilikuwa nahesabu kweli. Mama akafumbua jicho moja.

"Wewe si huwa unawafokea watu wa namna hii?" akasema.

Nikageuza gari.

Tulirudi hospitali ileile, kwa daktari yuleyule, na sindano ileile, ambayo safari hii haikununua kitu. Mama alikufa siku iliyofuata, mchana, jua likiwa limejaa wodini. Hakuugulia sana. Alikuwa anataka kusema jambo kuhusu kitana, halafu akanyamaza. Nilidhani amelala. Nikamshika mkono, nikaweka vidole juu ya ule mshipa, na mshipa haukunguruma. Nikasogeza vidole huku na huku, nikitafuta, kama mtu anayebonyeza swichi akijua umeme umekatika. Nilitafuta mpaka daktari akaja akanishika bega.

Labda alikuwa njiani anakuja. Walimruhusu kutoka kwa sababu asubuhi ile hesabu zilikuwa zimekubaliana, mbili mfululizo. Kimbunga kilikuwa kinasambaratika. Tundu la katikati lilikuwa limezibika, mawingu yanachanika vipandevipande, na mpaka jioni hakikubaki kitu ila manyunyu baharini ambayo hayakumlowesha mtu. Kilifia palepale. Aliyajua hayo, na hakuyajua, na mimi sijapata neno la Kiswahili wala la lugha nyingine la kumtukania mtu kwa jambo hilo. Nimetafuta.

Daraja lilifunguliwa, na mashine zikashushwa ghorofani. Sista alikuja nyumbani na sare yake, akakaa kwenye kiti cha Mama bila kujua ni cha nani, na alipoambiwa akaruka kama aliyekalia moto, akaanza kulia. Watu wa kaskazini walirudi, watu wa kusini walirudi, na redioni mzaha ukarudi pia: kimbunga cha mwaka, kimetutisha kama mlevi wa baa halafu kimelala mlangoni. Watu walicheka kwa furaha ya kubaki hai, wala siwalaumu.

Baada ya maziko, Mkuu wa ofisi alimpigia Labda kumpa pole. Nilikuwa karibu, nikasikia sauti yake, na alikuwa anasikitika kwa dhati. Kisha akamwomba jambo, kwa upole sana. Taarifa zote za kimbunga kile ziliandikwa na Labda, na ilibaki moja tu ya kufunga, na kwa kawaida ya ofisi anayefungua ndiye anayefunga. Kama hawezi, wenzake wataelewa. Labda akasema ataiandika. Akaiandikia hapo hapo, kwenye meza ya kulia chakula, akiwa amevaa kanzu ya kuazima. Haikumchukua muda.

Ilisomwa saa ya taarifa ya mchana. Nilikuwa natoka chumbani kwa Mama na beseni la shuka zake, nilizozifua ili nisikae bure, na redio ya jirani ilikuwa wazi kama kawaida. Msomaji alisema kwamba kimbunga kimepotea baharini bila kufika nchi kavu, kwamba tahadhari zote zimeondolewa, na kwamba hakuna madhara yoyote yaliyoripotiwa.

Nilisimama na beseni kiunoni. Labda alikuwa kwenye kochi, mikono kati ya magoti.

"Hakuna?" nikamuuliza.

"Wanauliza upepo na maji tu, dada," akasema. "Walioumizwa na upepo. Waliozama. Hakuna mahali pengine pa kuandika."

Nilitaka kumwambia angeandika pembeni. Nilitaka kumwambia mambo mengi, na alikuwa amekaa tayari kuyapokea, hakujikinga hata kidogo. Nikamtazama zile soksi, tangu ofisini hakuwa amezibadilisha. Tulikuwa tumebaki wawili.

Akainuka, akanipokonya beseni, akatoka nalo uani. Nikamfuata mpaka mlangoni. Alikung'uta shuka ya kwanza, akaitandaza kwenye kamba, akaibana, akachukua ya pili. Upande wa bahari palikuwa na wingu, dogo, sijui lilikuwa linakuja au linaondoka. Akaanika zote mpaka beseni likaisha, na hakutazama juu.